Chumba cha Siwema Kabla ya Mvua

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Leo nimefungua chumba cha mashariki. Tangu mke wangu Gertruda afariki, miaka miwili sasa, kimekuwa ghala la magunia ya kahawa, majembe na redio iliyokufa. Nimesimama mlangoni nikakitazama kwa muda mrefu.

Sababu ni Siwema, mjukuu wangu, mwenye miaka sita. Mama yake, Jacqueline, yuko Dar es Salaam akisomea uuguzi. Baba yake, mwanangu Nicholaus, ni dereva wa malori, na mtu anayelala leo Tunduma na kesho Mtwara hawezi kulea. Kwa hiyo mtoto amekuzwa na bibi yake mzaa mama, Bibi Luisa, kule Ngumbo kando ya Ziwa Nyasa. Januari anatakiwa kuanza darasa la kwanza. Shule ya kule iko ng'ambo ya mto, na mvua zikikolea mto ule hauvukiki. Hapa Mbinga kengele ya shule naisikia nikiwa bado kitandani.

Bibi Luisa amekubali kwa sharti. Jana aliniambia kwa simu, kwa ile sauti yake ya taratibu: "Nitamleta katikati ya Desemba, Baba Niko. Tutakaa wiki. Akilala kwako kwa amani, atabaki. Asipolala, nitarudi naye, wala tusigombane."

Nikakubali. Nyumba hii ina ukimya ambao sijauzoea. Nina wiki kumi za kuandaa chumba kitakachosema kwa niaba yangu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mektilda, binti wa marehemu dada yangu, ambaye ananipikia na kunisema kwa kipimo kile kile, amepita madukani akarudi na picha kwenye simu yake: kitanda cha mtoto, kichwani kimebandikwa picha ya paka aliyefungwa utepe. Nikamuuliza ni cha mbao gani. Akasema, "Ya waridi, Mjomba."

Nikamweleza kwamba nataka samani za kale. Mbao mpya hukaukia ndani ya nyumba, ikajipinda, ikapasuka. Mbao ya miaka sitini ilishamaliza kujipinda kabla yeye hajazaliwa. Tena mtoto anayelala juu ya kitu kilichowaona watu wengi wakija na kuondoka hujifunza jambo ambalo sikuweza kulifundisha darasani kwa miaka thelathini na minane.

Mektilda akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema basi tumlaze kanisani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekwenda Mbuji kwa mzee Antoni, katekista mstaafu, niliposikia kwamba anavunja nyumba ya zamani. Alinipeleka kwenye banda la kuku. Kuku wawili walikuwa wamelalia mayai juu ya kitanda kilichotengenezwa katika karakana ya misheni, baba yake Antoni akiwa bado kijana.

Ninaandika jinsi nilivyokiona ili nisisahau. Hakina msumari hata mmoja. Kila mfumbati, yaani ule mti mrefu wa ubavuni, una ulimi unaoingia katika tundu la tendegu, mguu wa kitanda, na ulimi umekazwa kwa kabari ndogo ya mti. Ukiigonga kabari ile kutoka chini, kitanda chote kinaachana vipande vinne. Ukiirudisha, kinakuwa kitu kimoja, hakilii, hakitikisiki. Ni mninga. Nililowesha kidole mate nikasugua kinyesi cha kuku, na chini yake ukatokea wekundu kama wa chai iliyokolea. Nikafuta kidole. Antoni alidhani nimekichukia, akaanza kunieleza kwamba kuku watahama.

Upande wa chini, ambako hakuna mtu anayetazama, fundi alikuwa amepiga randa kwa ulaini ule ule wa juu. Alimfanyia nani?

Jumanne, 15 Oktoba

Jua kali. Kahawa ya mwisho iko kwenye vichanja.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kitanda kipo kwa fundi Erasmo, hapa jirani. Tumekikagua pamoja, na kwa kuwa huenda siku moja mtu akahitaji haya, nayaandika.

Kwanza, gonga. Mbao iliyoliwa na mchwa hujibu kwa sauti ya boga tupu. Pili, tandika karatasi nyeusi au kitambaa cheusi chini yake usiku mmoja. Ukikuta unga asubuhi, wadudu bado wamo. Tatu, pima nafasi kati ya chaga na kati ya fito za kichwani, maana kichwa cha mtoto huingia mahali ambapo hakitoki. Nne, rangi. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na risasi, na mtoto hulamba. Upande wa kichwani kitanda hiki kilipakwa kijani. Nilimwambia Erasmo asikwangue kikavu, alowanishe kwanza, vumbi lisiruke.

Erasmo akaniuliza mimi nililala wapi nikiwa na miaka sita. Nikasema kwenye ngozi ya mbuzi, karibu na moto, na ndugu zangu wanne. Akasema, "Na ukawa mwalimu mkuu." Akaendelea kulowanisha.

Jumapili, 27 Oktoba

Meza! Baada ya misa nilimkuta mama mmoja sokoni akiuzia maandazi juu ya dawati dogo la mwanafunzi, lenye tundu la kidau cha wino. Alikuwa akiweka chumvi katika tundu lile. Tulielewana vizuri: nimempa meza yangu ya jikoni, ambayo ni kubwa zaidi, na Mektilda hajanisemesha tangu mchana.

Juu ya dawati pana mabonde mawili, madogo, yamekaa sawa kama nyayo. Nilichelewa kuyaelewa. Ni viwiko. Watoto wa miaka mingi walikaa hapo wakasikiliza, wakasinzia, wakaona njaa, na mti mgumu ukakubali kulegea mbele yao. Nimefundisha mbele ya madawati ya namna hii nusu ya maisha yangu, sikuwahi kuinama nikatazama.

Jumapili, 3 Novemba

Nimeliacha kabati nililokwenda kulitazama leo. Lilikuwa zuri kuliko vyote, refu, milango yake imechongwa mizabibu. Lakini nilivuta droo ya juu, kabati zima likaniinamia. Kitu kirefu chenye miguu ya nyuma iliyochoka hakifai kwa mtoto anayepanda. Mwenye kabati alisema nilikaze ukutani. Kuta za chumba kile ni tofali za udongo, zisingelishika.

Nimerudi mikono mitupu na moyo umeuma. Kuchagua maana yake ni kuacha.

Jumapili, 10 Novemba

Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna.

Gari la samaki kutoka Ngumbo limesimama mlangoni. Pamoja na furushi la usipa wakavu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, dereva ameshusha kitu kizito akisema Bibi Luisa amenitumia, nikiingize ndani kabla ya mvua. Kisha akaondoka, maana samaki hawangoji.

Ni kipande cha gogo lililochimbwa ndani, urefu kama mita moja. Upande mmoja kimechongoka kidogo, upande wa pili kimezibwa kwa ubao. Nje kina viraka vya bati na lami. Nilifurahi sana. Wiki iliyopita nilimwambia Bibi Luisa kwamba nimenunua watoto wawili wa nguruwe, na huku kwetu milimani nguruwe hulishwa katika gogo lililochimbwa namna hiyo hiyo. Ni ukarimu wa pekee, kusafirisha chombo cha kulishia nguruwe umbali wote ule. Tumekiweka bandani. Kimewatosha kabisa.

Jumanne, 12 Novemba

Nimempata Bibi Luisa kwa simu, mtandao ukikatikakatika. Nimemshukuru. Akauliza kama nimekiingiza ndani. Nikasema kipo ndani, kimekaa vizuri. Akasema nikioshe kwa maji tu, nisikipake kitu. Tulipomaliza nilicheka peke yangu. Watu wa ziwani ni wasafi; huosha hata sahani ya nguruwe.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua ya kwanza, saa tisa mchana, yenye mawe madogo. Mibuni ikipata maji haya, baada ya siku chache hujifunika maua meupe, na mji wote hunukia. Nimekaa barazani nikisubiri harufu ambayo bado haijaja.

Jumapili, 1 Desemba

Kahawa imechanua. Chumba kimekamilika.

Kitanda kimepakwa nta ya nyuki na kinang'aa bila kujionyesha. Dawati liko chini ya dirisha. Kiti kifupi cha kigoda nilipewa na jirani. Ukutani nimetundika ramani yangu ya zamani ya Tanzania, ili mtoto aone ziwa lake. Mektilda alikuja, akakaa pembeni mwa kitanda, akapitisha kiganja juu ya mfumbati mpaka mwisho, akarudi. Halafu akasema, "Mjomba, nimekusamehe ile meza."

Niliwaza kwamba sina kilichopungua.

Jumamosi, 14 Desemba

Naandika haya nikiwa na aibu, kwa hiyo nitaandika polepole.

Walifika saa sita na basi la Mbamba Bay. Bibi Luisa alishuka akishikilia magoti. Siwema alishuka na kifurushi kichwani, akakitua, akanipigia goti kidogo: "Shikamoo, Babu." Ana macho ya Jacqueline. Nikawapeleka moja kwa moja chumbani, sikuweza hata kungoja wanywe chai.

Mtoto aliingia, akagusa dawati, akaingiza kidole katika tundu la wino, akatazama ramani. Nikaanza kumweleza kuhusu mninga na kabari. Alinisikiliza kwa adabu kamili. Nilipomaliza akauliza, "Na kitanda changu kiko wapi?"

Nikasema ndicho hiki.

"Hiki ni chako, Babu. Changu kilitangulia na gari la samaki."

Sikuelewa, halafu nikaelewa, na katika ile nafasi fupi kati ya mawili hayo nguruwe mmoja alikoroma nyuma ya nyumba. Mektilda, aliyekuwa mlangoni na sinia la vikombe, aliweka mkono mdomoni. Bibi Luisa alinitazama.

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema kimepelekwa kwa fundi. Lakini nimewachapa watoto wengi kwa uongo mdogo kuliko huo. Nikasema, "Njoo nikuonyeshe, mjukuu wangu. Nimekosea."

Nguruwe walikuwa wameingiza pua katika pumba. Siwema hakulia. Alipita katikati yao kama mtu anayepita sokoni, akashika ile ncha iliyochongoka kwa mikono miwili, akaanza kuivuta. Haikusogea. Aliendelea kuvuta. Ni Mektilda aliyekwenda kumsaidia.

Jioni Bibi Luisa alinisimulia. Kile ni tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya mtumbwi wa marehemu mumewe, Bernadi. Aliuchonga mwenyewe kwa mti mmoja wa mninga, akavua nao miaka ishirini na miwili. Ulipopasuka vibaya hakukubali kuufanya kuni; alikata tezi lake, akaziba mbele kwa ubao. Mitumbwi ya kule huwa na mdomo mwembamba na tumbo pana, lakini Bernadi aliukata ule mdomo uwe mpana ili mtoto mchanga aweze kulazwa, ndiyo maana sikuutambua. Jacqueline alilala humo. Siwema amelala humo tangu aletwe akiwa na mwaka mmoja, na sasa anakunja miguu ili aendelee kuenea.

Mimi nimefundisha jiografia. Kina cha Ziwa Nyasa nakijua kwa mita. Na mtumbwi ulipokuja mpaka mlangoni pangu niliutilia pumba.

Nilimwomba radhi. Bibi Luisa akanyoosha magoti yake kwa shida. "Kimekaa ziwani miaka ishirini na miwili, Baba Niko. Wiki tano za nguruwe kitazisahau. Mtoto ndiye sijui."

Siwema amekataa kitanda. Amelala kwenye mkeka na bibi yake.

Jumapili, 15 Desemba

Mvua. Nimeanza kukiosha, kwa majivu na mchanga. Mtoto hanisemeshi zaidi ya shikamoo.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua. Harufu bado ipo. Erasmo alipita akajitolea kukipiga randa nusu saa kiwe kipya. Nilitaka kukubali. Kisha nikapitisha mkono ndani, nikasikia vibonde vidogo vidogo, maelfu, vimepangana kama magamba ya samaki. Kila kimoja ni pigo moja la tezo, kile kishoka cha kuchongea, la mtu nisiyewahi kumwona. Nikamwambia Erasmo randa airudishe mfukoni.

Jumanne, 17 Desemba

Leo nitaandika kwa kirefu.

Nilikuwa nimepiga magoti uani, gunia mabegani, manyunyu yakinipiga kisogoni, nikisugua. Karibu na ncha, vidole vyangu vilifika mahali ambapo alama za tezo zimekwisha. Ni laini pale, duara kama kiganja, laini kuliko kazi yoyote ya randa au msasa. Nikadhani fundi alipumzika. Halafu nikaweka kichwa changu karibu nipate kuona, na jinsi nilivyokiweka ndivyo nilivyojua. Ni vichwa. Jacqueline alilalisha kichwa chake hapo, na baada yake binti yake, usiku baada ya usiku, nywele laini za watoto wawili, mpaka mninga ukakubali. Mti ambao haukuliwa na maji kwa miaka ishirini na miwili.

Nilizunguka wilaya nzima kutafuta samani ya kale ya kumfaa mtoto huyu. Nilipima, niligonga, nilitandika kitambaa cheusi. Na iliyokuwa imepimwa kwa kichwa chake mwenyewe nilikuwa nayo.

Sijui nilibaki nimeinama muda gani. Nilisikia maji yakimwagika. Siwema alikuwa amesimama kando yangu na kata ya maji.

"Unasugua kinyume, Babu," alisema. "Fuata mti."

Nikauliza mti unakwenda upande gani. Akachukua kidole changu, kwa kweli alikishika kama chaki, akakipitisha juu ya alama moja ya tezo, kisha ya pili, kisha ya tatu, kuelekea kwenye ncha. "Babu Bernadi alianzia kule, akarudi huku. Bibi ndiye kaniambia. Ukienda kinyume, vibanzi vinakuchoma."

Nilifuata mti. Yeye alimimina, mimi nikasugua, na ilipofika saa tano harufu ya nguruwe ilikuwa imekwisha, ikabaki nyingine, hafifu, ya lami na samaki na jua. Mtoto aliinamisha uso ndani, akavuta pumzi.

Jumatano, 18 Desemba

Chumba hakitoshi vitanda viwili. Baada ya chai nilichukua nyundo ya mti, nikajilaza chini ya kitanda cha misheni, nikagonga kabari zake. Kiliachana vipande vinne, bila manung'uniko. Wiki kumi zangu zikaegemea ukuta. Mektilda aliinua mfumbati mmoja, akatangulia nao.

Tumekiunga tena katika chumba anacholala Bibi Luisa, ambaye miaka yote hii, na magoti yale, amekuwa akilala chini. Alikizunguka kwa mashaka.

"Mimi Mwanglikana, Baba Niko. Kitanda cha Wakatoliki kitanipokea?"

Nikamwambia kimeshawapokea kuku.

Alicheka mpaka akalazimika kukaa, na alipokaa alitulia, akaanza kupapasa mfumbati kama alivyofanya Mektilda. Akasema hajawahi kukaa juu ya kitu kisicholia. Nikamwambia kitanda hakina haraka, wala mimi sina, na magoti hayapendi safari za basi wakati wa mvua. Akavua viatu.

Tezi la Bernadi liko chini ya dirisha, kando ya dawati, limewekewa kabari mbili za mbao za kahawa lisiyumbe. Mchana, saa nane, mvua kubwa iliangusha sauti yake juu ya bati. Nilikwenda kufunga dirisha. Siwema alikuwa amelala humo, magoti yamekunjwa, kichwa kimekaa mahali pake. Ubao wa mbele umezidiwa na miguu yake kwa vidole vinne hivi. Mwaka ujao hataenea. Nilisimama hapo mpaka mvua ilipopungua, sikuona sababu ya kuwa mahali pengine.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Wali, nguruwe hapana. Siwema amewapa majina.

Jumatatu, 13 Januari 2025

Kengele ilipolia alikuwa ameshavaa viatu. Bibi Luisa, ambaye alikuwa arudi Ngumbo tarehe ishirini na moja Desemba, alimsuka kwenye baraza langu.

Aliporudi alikaa kwenye dawati, viwiko vyake vikatumbukia katika yale mabonde mawili bila kuambiwa. Akataka kujua mimi naandika nini kila siku katika daftari hili. Nikamsomea ukurasa wa tarehe kumi na nne Desemba, wote, pamoja na aibu yake, kwa kuwa unamhusu na ana haki nao. Alisikiliza kwa ile adabu yake. Nilipofika kwenye pumba alifikiri kidogo, kisha akaniwekea mkono gotini.

"Andika na hili, Babu," akasema. "Andika nguruwe nao hawakujua."

Nimeandika.